Kichwa kizito, ganda dogo: kisa cha mpwa wangu na makopo matatu ya baruti

Mpwa wangu alishuka Tanga mwezi wa 12 na begi moja mgongoni na daftari la karatasi za miraba mkononi. Hakuliweka daftari lile ndani ya begi, na nilipomuuliza kwa nini, akasema ndani yake mna miezi mitano ya usingizi wake.

Anaishi Afrika Kusini, ana ukaazi wa kudumu, na huko amejiunga na klabu ya kulenga shabaha ya mbali. Mimi nilifundisha fizikia sekondari hadi nikastaafu, na tangu akiwa mdogo amezoea kuniletea mambo yanayomshinda. Mara hii alileta swali la baruti. Alikuwa amebadili vichwa vya risasi, ile sehemu inayoruka, kutoka vyepesi kwenda vizito, akanunua makopo matatu ya baruti za aina tatu, na zote tatu zikamkatalia. Alitaka nimwambie anunue kopo gani la nne.

Niseme jambo moja mapema, kwa sababu najua watakaosoma haya wengi wako Tanzania. Bunduki, baruti na vifaa vyote viko kule alikovipatia leseni. Sheria ya silaha ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni kujaza risasi za bunduki yake mwenyewe. Kwetu kuna sheria yetu ya silaha na risasi ya 2015, na kijana hakuja hata na ganda tupu mfukoni. Alileta namba, picha za simu na michoro, basi. Wala sitaandika hapa gramu ngapi za baruti alizotumia. Uzito ule ni wa mtutu wake na ganda lake, na anayeuhitaji ana jedwali la mtengenezaji wa baruti yake, ambalo ndilo la kuaminiwa.

Sasa kisa chenyewe. Anashindana katika daraja liitwalo F-TR. Mshindani analala kifudifudi, bunduki imesimama kwa miguu miwili mbele na kimfuko cha mchanga nyuma, na darubini juu. Bunduki yote pamoja na darubini na miguu isizidi kilo 8.25, na risasi ni za aina mbili tu: .223 Remington au .308 Winchester. Yeye ana .308, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1952. Kichwa chake cha zamani kilikuwa cha greni 155, yaani gramu 10. Kipya ni cha greni 200, yaani gramu 13 kasoro kidogo. Sababu ya kuhama ni upepo. Kichwa kirefu na kizito chenye ncha nyembamba hupasua hewa vizuri zaidi, na kwenye mita 900 upepo hukisukuma kando kidogo kuliko kile chepesi. Hapo hakukosea.

Mtutu pia alikuwa ameshaubadilisha, na kwa sababu sahihi. Kichwa kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe angani, na kuna kanuni ya zamani ya Greenhill, ya mwaka 1879, ambayo bado inatoa jibu la karibu: chukua 150, zidisha kwa mraba wa kipenyo, gawanya kwa urefu wa kichwa. Kipenyo ni milimita 7.82, urefu wa kichwa chake kipya milimita 36. Jibu ni milimita 255 kwa mzunguko mmoja. Mifuo ya mtutu wake mpya, ile mikato ya msokoto ndani yake, inazungusha kichwa mara moja kila milimita 254. Nikamwambia hapo umefaulu, geuza ukurasa.

Ukurasa uliofuata ndio uliokuwa na matatizo. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: LENGO 830 m/s. Nikamuuliza namba hiyo imetoka wapi. Akasema kuna jamaa uwanjani anaipata.

Tukakaa barazani, dada yangu akatuletea kahawa, nikamwambia tupige hesabu ya darasani kwanza. Kichwa cha zamani cha gramu 10.04 kilikuwa kinatoka mtutuni kwa mita 890 kwa sekunde. Nishati yake ni karibu jouli 3,980. Ganda ni lile lile, na kiwango cha juu cha mgandamizo ni kile kile: viwango vya Ulaya vya C.I.P. vinaweka baa 4,150 kwa .308, karibu mara 1,900 ya upepo wa tairi la gari dogo. Ukiwa na sufuria moja na moto uleule, nguvu utakayoipata ni ileile kwa kukadiria. Basi kipe kile kichwa kizito jouli zote hizo, unapata mita 783 kwa sekunde. Hiyo 830 anayoitaka ni jouli 4,460, ziada ya asilimia 12. Ziada hiyo haianguki kutoka mbinguni. Inatoka kwenye mtutu mrefu zaidi, au inatoka kwenye mgandamizo ambao chuma hakikutengenezewa.

Akainama kwenye daftari kimya. Kisha akafuta 830.

Nilimtia moyo kwamba kuna kidogo cha kuongezea juu ya hiyo 783, na hapo ndipo baruti inapoingia. Ili aelewe nilimpeleka jikoni. Mama yake anapikia gesi siku hizi, lakini nyuma ya nyumba bado kuna mafiga, na mtoto wa Tanga anajua tofauti ya makuti na gogo la mkoko. Kuti kavu likishika moto linalipuka kwa mara moja, puu, na likizimika chungu hakijapata joto. Gogo la mkoko linaanza taratibu, kisha linashikilia. Baruti nazo ziko hivyo. Za kisasa zote asili yake ni nitroselulosi, nyingine zikiongezwa nitrogliserini. Zinatofautiana kwa ukubwa wa punje, umbo lake, tundu katikati ya punje, na dawa ya kupunguza makali inayopakwa juu yake. Hayo ndiyo yanayofanya moja iwake kali na nyingine iwake pole.

Kichwa chepesi huondoka haraka. Kinapokimbia mtutuni, nafasi nyuma yake inapanuka, na gesi ya baruti kali inapata pa kwenda. Kichwa kizito kinasita. Kwa sehemu ya elfu ya sekunde kinakuwa kama mkokoteni uliopakia saruji: unausukuma na bado haujaanza kwenda. Baruti ikiwa kali, gesi yote inatoka wakati nafasi bado ndogo, na mgandamizo unapanda juu kabla kichwa hakijapata mwendo. Ndiyo sababu vichwa vizito hupewa baruti ya pole zaidi: kilele kinashuka, na msukumo unadumu kwa urefu zaidi wa mtutu.

Haya yote aliyajua, na ndiyo maana alinunua makopo matatu. Tuliyaita Kali, Kati na Pole, na kwa majina hayo ndivyo nitakavyoyataja, maana kosa halikuwa la kiwanda chochote. Daftari lake lilisema hivi. Kali, ile ya kichwa cha zamani, alianza nayo chini ya jedwali kama inavyotakiwa na kupanda kidogo kidogo. Alipofika mita 760 kwa sekunde komeo la bunduki, lile linalofunga nyuma ya mtutu, likaanza kuwa zito kuinua, akaacha. Vizuri sana. Alinionyesha picha ya fataki ya ganda lile, yaani kikofia kidogo kitakoni kinachowasha baruti, ameipiga karibu kabisa: kingo za mviringo zilikuwa zimelala bapa hadi kujaza kishimo chote, na alama ya pini ya kupigia ilikuwa na ukingo mdogo ulioinuka kama kovu la chanjo. Fataki peke yake hudanganya, lakini fataki bapa na komeo zito kwa pamoja ni lugha ya wazi: mgandamizo umezidi.

Akahamia Pole, baruti inayopendwa kwenye maganda makubwa kuliko .308. Alijaza ganda hadi mdomoni na kichwa kilipoingia kikaponda punje. Anasema alisikia krrr mkononi. Mwendo: 738. Tofauti kati ya risasi ya mwendo wa juu na ya chini katika kumi: mita 24 kwa sekunde. Kwenye kitambaa alichotandika mbele ya mtutu alikuta punje ambazo hazikuungua, kama ufuta uliobaki kwenye karai. Baruti ya pole inahitaji mgandamizo wa kutosha ili iungue yote. Ganda dogo lisilobeba ya kutosha haliufikii, na punje zinatoka nje mbichi.

Kati ndiyo iliyomkatisha tamaa kabisa, kwa sababu kila mwenye uzoefu alimwambia hiyo ndiyo yake. Nayo ilianza kuonyesha fataki bapa mapema, mita 762, na tofauti ya 17.

Hapa lazima niseme 17 na 24 zina maana gani, kwa sababu wengi wanakimbilia mwendo mkubwa na kusahau mwendo sawa. Kwa kichwa hiki na umbali wa mita 900, kila mita 1 kwa sekunde inayopungua kwenye mwendo inashusha risasi kwa takriban sentimeta 2. Kwa hiyo 24 ni karibu nusu mita juu na chini, hata kama mlengaji hajatikisika na upepo umelala. Hakuna mkono unaoweza kurekebisha hilo.

Baruti tatu, na zote zinashindwa kwa namna tofauti. Kali inapandisha mgandamizo: nilitarajia. Pole haiungui: nilitarajia. Lakini Kati kuonyesha mgandamizo mapema chini ya hesabu yetu ya 783, hilo halikukaa sawa. Ukiona hivyo, mimi naacha kumshuku mpishi, naangalia sufuria.

Nikamwambia anichoree risasi yake kwa vipimo, mara nne ya ukubwa halisi. Alikuwa na vipimo vyote, kijana makini. Ganda lina urefu wa milimita 51. Risasi nzima, kutoka kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa, milimita 71. Kichwa, milimita 36. Tulipochora, jibu lilikuwa mbele ya macho yetu kabla sijatoa. Milimita 71 toa 36 ni 35: kitako cha kichwa kilikuwa kimezama milimita 16 ndani ya ganda. Shingo ya ganda ile ina urefu wa milimita 7.7 tu. Zaidi ya nusu ya sehemu iliyozama ilikuwa chini ya shingo, imekaa mahali pa baruti kama mgeni aliyelala kwenye kitanda cha mwenye nyumba.

"Kwa nini umeizamisha hivi?"

"Mjomba, isipozama haiingii. Inagonga mwanzo wa mifuo."

Tatizo likawa limejitaja lenyewe. Fundi aliyemtengenezea mtutu mpya alichonga chemba, pale risasi inapokaa mtutuni, kwa kifaa kilekile alichotumia kwenye mtutu wa zamani, wenye koo fupi linalofaa kichwa cha gramu 10; koo ni ile nafasi kati ya chemba na mwanzo wa mifuo. Mtutu ulibadilika msokoto, koo likabaki la kichwa chepesi. Simlaumu sana fundi, aliambiwa ".308, msokoto wa 254", hakuambiwa kichwa gani. Lakini fundi anayechonga chemba ya mashindano nadhani angeuliza.

Tazama gharama yake. Eneo la duara la kipenyo cha milimita 7.82 ni milimita za mraba 48. Kila milimita moja kichwa kinapozama zaidi, kinakula milimita za ujazo 48, sawa na nafasi ya gramu 0.04 hivi ya baruti. Milimita tano alizozamisha kupita inavyofaa ni sentimeta ya ujazo 0.24. Ganda tupu la .308 linachukua maji kama gramu 3.6, na kichwa kikiwa kimezama vile nafasi iliyobaki ni kidogo chini ya sentimeta za ujazo 3. Alikuwa amepoteza asilimia 8 ya chumba chake cha kuunguzia bila kujua. Chumba kikipungua, mgandamizo unapanda kwa baruti ileile, hivyo Kali na Kati zikaonya mapema. Na baruti ya pole, ambayo ni nyingi kwa ujazo, ikakosa pa kukaa. Kopo la nne lingeshindwa kama matatu ya kwanza, na la tano pia.

Jioni yake tulitembea hadi Raskazone kupunga upepo, na njiani nikamweleza jambo ambalo kila mtoto wa Tanga anapaswa kulijua kuhusu baruti, kwa kuwa lilitokea hapahapa. Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wao kwenye ufuo huu, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa na bunduki za modeli ya 1871, zenye kipenyo cha milimita 11, zinazotumia baruti nyeusi. Kichwa chake kilikuwa na gramu 25, karibu mara mbili ya hiki kinachotusumbua, na mwendo wake kama mita 440 tu kwa sekunde. Kila risasi ilitoa wingu la moshi linaloonyesha alipo mpigaji. Baruti isiyo na moshi ilikuwa imeshavumbuliwa Ufaransa na mkemia Vieille mwaka 1884, miaka thelathini kabla, lakini haikuwa imewafikia. Baada ya mapigano waliokota mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa na adui na kuzigawa kwenye kombania zao. Baruti nyeusi haikuweza kukimbiza kichwa, kwa hiyo walikifanya kizito na kinene. Baruti mpya ikawezesha kichwa chembamba na chepesi kwenda mbali. Na sasa walengaji wa shabaha wanarudi kwenye uzito, wakibaki na wembamba, na wembamba huo ndio unaokifanya kichwa kuwa kirefu hadi kisipate pa kukaa. Alisimama akitazama ghuba muda mrefu. Nadhani alikuwa akifikiria koo la mtutu wake kuliko vita.

Aliporudi Afrika Kusini alimpelekea fundi kichwa chenyewe kimefungwa kwenye ganda lisilo na baruti wala fataki, risasi nzima ikiwa na urefu alioutaka: milimita 76. Koo likarefushwa kwa kifaa cha kuchongea koo peke yake, kazi ya muda mfupi. Kwa kuwa anapakia risasi moja moja kwa mkono, urefu ule haumsumbui. Mwenye kutumia magazini ya kawaida asingeweza.

Kisha nilimsihi jambo moja: matokeo yote ya zamani yafutwe. Chumba kimebadilika, kwa hiyo anaanza upya chini ya jedwali, kopo moja tu mezani, mengine yamefungiwa kabatini. Hili la kopo moja nalisema kwa uzito. Majina ya baruti ni mtego. Hodgdon, muuzaji wa baruti wa Marekani, aliuza H4831, ambayo mwanzoni ilikuwa baruti ya jeshi iliyobaki baada ya Vita vya Pili. Baadaye ikatoka IMR 4831, ya chapa nyingine lakini namba ileile, na hii inawaka kali zaidi. Atakayechukua jedwali la H akajazia IMR anajiweka hatarini. Upande wa pili, baruti moja inayotengenezwa Australia huitwa AR2208 huko na Varget Marekani. Namba sawa si baruti sawa, na jina tofauti si baruti tofauti. Nazo zile orodha zinazopanga baruti kutoka kali hadi pole zinakuambia nani yuko mbele ya nani, hazikuambii kwa umbali gani. Anayekadiria gramu kutokana na orodha ile anacheza na macho yake.

Alianza na Kati. Mwezi wa pili akanitumia ukurasa mpya. Ganda lilijaa hadi karibu na kitako cha kichwa, bila kuponda. Komeo liliinuka kwa vidole viwili. Mwendo 785, na tofauti katika risasi kumi, 7. Hesabu yetu ya barazani ilikuwa 783. Pole hakuirudia tena, na mimi nilikubaliana naye. Kwa ganda dogo kama lile, ujazo wa baruti ya pole sana unabaki kuwa kikwazo hata koo likirefuka.

Aliendelea kupanda hadi 793, fataki bado nzuri, akaniuliza abaki huko? Nikamwomba afanye jaribio la joto kwanza. Risasi tano kwenye kisanduku cha barafu, nyuzi 5. Tano kivulini mchana, nyuzi 34. Zile za joto zilikwenda kasi zaidi kwa mita 9. Yaani 793 ya asubuhi yenye baridi ingeweza kuwa 802 mchana wa Januari, na mgandamizo ukipanda pamoja nayo. Siku moja aliacha risasi ndani ya chemba iliyopata joto dakika mbili akisubiri upepo utulie, na ganda lile likatoka na komeo zito. Akarudi 785 mwenyewe, bila kuambiwa. Sasa hapakii mpaka awe tayari kufyatua.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya makopo mawili ya Kati, jina moja, rangi moja. Chini ya lebo kuna namba ndogo ya mkupuo wa kiwandani, na hazifanani. La zamani limebakiwa na kama robo. Ameandika kwa penseli kwenye jipya, kwa herufi kubwa, "ANZA CHINI", na la zamani amelitengea mashindano ya Bloemfontein.